Ngongo Lutete: aliwafungulia Wabeleji njia ya Kasongo, nao wakampiga risasi

Tarehe 15 mwezi wa tisa mwaka 1893, katika boma la Ngandu kando ya mto Lomami, askari wa Dola Huru la Kongo walimpiga risasi mtu ambaye miezi mitano hivi kabla ya hapo aliwasaidia kuuteka mji wa Kasongo. Jina lake lilikuwa Ngongo Lutete. Siku mbili baadaye aliwasili Ngandu ofisa aliyetumwa na mkubwa wa jeshi ili kuizuia hukumu hiyo. Alikuta kazi imekwisha.

Hadi leo, wakaaji wa Maniema ya kusini wanaposimulia vita vya Waarabu na Wabeleji, jina hilo halipiti bila ubishi. Kwa wengine Ngongo ni msaliti aliyewaleta Wazungu hadi mlangoni. Kwa wengine ni shujaa aliyevunja nguvu za wafanya biashara ya watumwa. Wengine wanamhesabu mtu aliyetumiwa na pande zote mbili, kisha akatupwa. Maisha yake yana sehemu ya kila moja ya hayo.

Anayecheza bao anajua kwamba kete ikiliwa haitoki ubaoni. Aliyeila anaichukua na kuipanda upande wake, na kuanzia hapo inamfanyia kazi yeye. Vita vya mwaka 1892 hadi 1894, kutoka Lomami hadi Kabambare, vilikwenda karibu namna hiyo. Kila upande ulisogea kwa zamu, ukangoja mvua, mitumbwi au chakula, kisha ukasogea tena. Aliyebadilisha hesabu yote alikuwa Ngongo, alipotoka upande mmoja na kwenda upande wa pili.

Mtumwa aliyepewa bunduki

Ngongo Lutete, anayeandikwa pia Gongo Lutete, alizaliwa karibu na mwaka 1860 katika nchi iliyo kati ya Lomami na Lualaba. Kuhusu kabila lake kuna mabishano: wako wanaomwita Mtetela, wako wanaosema ni Mkusu, na wako wanaomhesabu kati ya Wasongye. Wakati huo mipaka ya makabila haikuwa imechorwa kama ilivyochorwa baadaye na wakoloni. Mtu alijulikana kwa ukoo wake, kijiji chake na bwana wake.

Bwana wa Ngongo alikuwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mfanya biashara wa Zanzibar anayejulikana zaidi kama Tippu Tip. Mwaka 1875 Tippu Tip alifanya Kasongo kuwa makao yake. Mji wa wakati huo ulikuwa mahali panapoitwa leo Tongoni, ambapo wachunguzi wa mambo ya kale wamechimba ardhi ili kutafuta mabaki yake. Kutoka hapo misafara ya pembe za tembo na watumwa ilipita Kabambare, ikavuka ziwa Tanganyika hadi Ujiji, ikaendelea Tabora, na mwisho ikafika pwani na Zanzibar.

Ngongo aliangukia mikononi mwa watu hao akiwa mtoto. Alipokuwa kijana alionyesha ushujaa katika mashambulizi ya kutafuta pembe na watu, na kwa sababu hiyo akapata uhuru wake. Inasimuliwa kwamba alianza na bunduki moja tu, akiwa na miaka kama 18. Polepole vijana walimzunguka, naye akawatawala kwa mkono mkali. Baada ya miaka michache alikuwa mkubwa wa vita wa Tippu Tip katika upande wote wa Lomami.

Njia hiyo haikuwa ya ajabu wakati ule. Watoto wengi waliotekwa Maniema walikua wakiwa Wangwana: walisema Kiswahili, walivaa kanzu, walijenga nyumba za pembe nne, nao walibeba bunduki kwenda kuteka watoto wengine. Lakini wachache walipanda hadi kiwango cha Ngongo.

Bwana wa Ngandu

Makao yake yalikuwa Ngandu, magharibi ya Kasongo, mahali ambapo njia za kuelekea Sankuru na Kasai zilivuka Lomami. Palikuwa mji mkubwa wenye boma la miti. Wazungu waliopita hapo waliandika kwamba mafuvu ya watu yalipamba milango yake. Kutoka Ngandu watu wa Ngongo walishambulia vijiji vya Wasongye, Waluba na Watetela. Wazee waliuawa, wanawake na vijana walifungwa, na pembe zilibebwa hadi Kasongo.

Hapo ndipo historia yake inapokuwa nzito kwa wazao wa vijiji hivyo. Kabla ya kuwa kete katika mchezo wa wakubwa, yeye mwenyewe aliwafanya maelfu ya watu kuwa kete zake.

Daktari Sidney Langford Hinde, Mwingereza aliyetumika katika jeshi la Dola na aliyetoa kitabu juu ya vita hivyo mwaka 1897, alimweleza kuwa mtu wa umbo zuri, mwenye macho makubwa na kope ndefu. Alisema uso wake ulionyesha akili, na kwamba mikono yake haikutulia, bali aliifungua na kuifunga muda wote. Hinde alimheshimu kama mpiganaji, lakini hakuficha ukatili wa watu wake.

Pembe zinagombanisha

Mwaka 1887 Tippu Tip alikubali kuwa liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa jina la Dola la mfalme Leopold wa Pili. Ilikuwa amani ya muda. Dola lilitaka pembe zishuke mto Kongo kuelekea bahari ya magharibi, na wafanya biashara wa Kasongo na Nyangwe walitaka ziendelee kwenda mashariki. Pembe zilikuwa zilezile, na tembo walikuwa wanapungua.

Mwaka 1890 Tippu Tip aliondoka Kongo kwenda Zanzibar, wala hakurudi tena. Kasongo ilibaki mikononi mwa mwanaye Sefu. Mwaka huohuo Dola lilijenga kambi kubwa Lusambo, kwenye mto Sankuru. Kwa hiyo Ngongo alijikuta katikati: mashariki kwake alikuwapo Sefu aliyedai pembe, na magharibi walikuwapo Wabeleji waliofunga njia ya mashambulizi yake.

Katika mwezi wa nne na wa tano mwaka 1892, Ngongo alipigana na majeshi ya Francis Dhanis, ofisa Mbeleji mzaliwa wa London aliyeongoza kutoka Lusambo. Ngongo alishindwa. Askari wa Dola walikuwa wachache, lakini walibeba bunduki za Albini ambazo risasi yake huingizwa kwa nyuma, upesi, hata wakati wa mvua. Wapiganaji wengi wa Ngongo walibeba magobori ya kujazwa baruti kwa mdomo.

Mwezi huohuo wa tano, Mbeleji mwingine, Arthur Hodister, aliyekuja na msafara wa biashara, aliuawa na watu wake upande wa Riba-Riba, Lokandu ya leo. Kila mtu kando ya Lualaba alielewa kwamba vita vikubwa vinakuja.

Ngongo alifanya hesabu yake. Alikuwa ameshindwa na Dola, na alikuwa na ugomvi wa pembe na Sefu, ambaye hakuja kumsaidia. Mwezi wa tisa mwaka 1892 alifanya amani na Dhanis na kuingia upande wa Dola pamoja na maelfu ya watu wake. Kwa siku moja, mpaka wa Waarabu upande wa magharibi, uliokuwa umelindwa na Ngongo mwenyewe, ukawa mlango wazi.

Mvua ya Lomami

Sefu hakuweza kunyamaza. Kwake Ngongo alikuwa mtumwa wa baba yake aliyeasi. Alikusanya jeshi kubwa na kusogea hadi Lomami, akidai Ngongo arudishwe. Mikononi mwake walikuwapo Wabeleji wawili waliokuwa wakikaa Kasongo kama wajumbe wa Dola, Lippens na De Bruyne. Aliwatumia kama dhamana.

Mwezi wa 11, De Bruyne aliletwa hadi ukingo wa mto ili aongee na wenzake waliokuwa ng'ambo ya pili. Alipewa nafasi ya kutoroka kwa kuogelea, akakataa, kwa sababu mwenzake Lippens alikuwa amebaki Kasongo na angeuawa. Alirudi alikotoka.

Muda mfupi baadaye, jeshi la Sefu lilivuka Lomami na kujenga boma mahali palipoitwa Chige. Tarehe 23 mwezi wa 11 mvua kubwa ilinyesha. Watu wa Ngongo walijua silaha hizo vizuri, kwa kuwa walikuwa wamezibeba miaka yote: gobori likiloa, baruti haiwaki. Bunduki za Albini hazikuwa na shida hiyo. Askari wa Dola na wapiganaji wa Ngongo walishambulia bila kungoja jua. Boma lilivunjwa, waliokimbia walirudi mtoni, na wengi wakafa majini.

Hiyo ndiyo ilikuwa zamu iliyoamua mchezo. Kama Ngongo angebaki na Sefu, Dhanis angelazimika kupigana na wote wawili katika nchi asiyoijua, akiwa na mamia machache tu ya askari wa kawaida. Ngongo alimpa watu, wapelelezi, wabeba mizigo, chakula na ujuzi wa njia. Vitabu vingi vya Ulaya vilimsifu Dhanis kwa ushindi huo. Vichache vilieleza kwa kirefu ni nani aliyemwonyesha njia.

Habari ya kushindwa ilipofika Kasongo, Lippens na De Bruyne waliuawa.

Nyangwe inaungua, Kasongo inaanguka

Dhanis na Ngongo walivuka Lomami na kusonga mashariki. Katika mwezi wa kwanza mwaka 1893 Muini Moharra, mkubwa wa Nyangwe, aliuawa vitani. Kabla ya mwezi huo kuisha, jeshi lilisimama kwenye ukingo wa Lualaba, likiutazama mji wa Nyangwe ng'ambo ya pili. Hapo lilikaa wiki kama sita, kwa sababu halikuwa na mitumbwi. Wenye mitumbwi walikuwa Wagenia, watu wa mto, nao walitaka kwanza kuona nani atashinda. Walipokubali kuvusha, Nyangwe ilitekwa, tarehe 4 mwezi wa tatu.

Yaliyofuata hayakuwa ya kujivunia. Baada ya fujo kuzuka ndani ya mji, mauaji yalifanyika na nyumba zikachomwa. Hinde aliandika kwamba mji aliokadiria kuwa na watu 30,000 ulibakia nyumba moja kubwa yenye ngome. Wapiganaji waliomfuata Ngongo walikuwa na sehemu kubwa katika uharibifu huo.

Tarehe 22 mwezi wa nne mwaka 1893 ilikuwa zamu ya Kasongo. Mji ulianguka kwa muda mfupi. Waliouingia walishangaa: magodoro ya hariri, vyombo vya fedha na vya kioo, mishumaa, sukari, viberiti, maghala ya mpunga na mahindi, bustani za michungwa, mipera, makomamanga na mananasi. Askari wa kawaida walilala kwenye vitanda vya mabwana. Utajiri huo wote ulikuwa umebebwa vichwani, safari ya miezi kutoka pwani, na wabebaji ambao wengi hawakulipwa chochote.

Sefu alikimbia. Ngongo alirudi Ngandu, akiamini kwamba sasa ni sultani wa nchi yake chini ya bendera mpya.

Kesi ya Ngandu

Hapo ndipo Ngongo alipokosea hesabu. Alidhani Dola linamhitaji kama Tippu Tip alivyomhitaji, kwa sababu ya watu wake na pembe zake. Lakini Tippu Tip hakutaka kutawala kila kijiji, alitaka bidhaa. Dola lilitaka vyote viwili, na halikupenda sultani mwenye jeshi lake mwenyewe.

Maofisa wachache waliokaa Ngandu walianza kumshuku. Walimshtaki kwamba anakula njama na Waarabu aliowapiga jana. Alikamatwa, akahukumiwa haraka na mahakama ya kijeshi ya maofisa haohao. Inasimuliwa kwamba usiku kabla ya kuuawa alijaribu kujinyonga kwa kamba aliyoisokota kutoka nguo zake, ili asife mikononi mwa maadui. Walinzi walimkata kamba, wakamzindua, na siku iliyofuata akapigwa risasi.

Dhanis alikuwa mbali, Kasongo. Aliposikia kwamba Ngongo amekamatwa alimtuma Hinde mbio kwenda Ngandu, lakini Hinde alichelewa kwa saa 48. Katika kitabu chake, Hinde hakuamini kwamba Ngongo alikuwa msaliti.

Deni lililolipwa miaka saba

Kosa hilo lilionekana mapema. Mwezi mmoja tu baada ya kifo chake, Rumaliza, mkubwa wa Ujiji, alitokea upande wa Tanganyika na jeshi jipya na kulisukuma jeshi la Dola kurudi kuelekea Kasongo. Sefu alikuwa pamoja naye, na alikufa katika mapigano hayo. Upande wa Dola ofisa Ponthier alikufa kwa majeraha. Kwa miezi mitatu Wabeleji walihangaika mbele ya maboma ya Rumaliza, wakati ambapo mtu aliyejua zaidi namna ya kuyavunja walikuwa wamemuua wao wenyewe. Mwezi wa kwanza mwaka 1894 kombora la mzinga wa Krupp liliwasha moto ndani ya boma kuu, na tarehe 25 mwezi huo Kabambare ilitekwa. Rumaliza alikimbilia upande wa Wajerumani.

Lakini deni la Ngandu lilikuwa halijaisha. Wengi wa wapiganaji wa Ngongo walikuwa wameingizwa katika Force Publique, jeshi la Dola, na kupelekwa kambi ya Luluabourg, Kananga ya leo. Huko walipata mishahara isiyofika, viboko, na kumbukumbu ya mkubwa wao. Tarehe 4 mwezi wa saba mwaka 1895 waliasi, wakamuua kapteni Pelzer, wakaelekea Lomami. Maasi hayo yanajulikana kama maasi ya Batetela, ijapokuwa walioasi walikuwa wa makabila mengi.

Mwaka 1897 yalizuka maasi mengine makubwa zaidi, huko Ndirfi karibu na Nili, ndani ya msafara ulioongozwa na Dhanis mwenyewe. Kati ya Wabeleji waliouawa alikuwapo mdogo wake Dhanis. Waasi, wengi wao Watetela na Wakusu, walishuka kusini kuelekea nyumbani. Mwezi wa 11 mwaka 1898 waliishinda Force Publique na kuiteka Kabambare, mji uleule ambao Dola lilijivunia kuuchukua miaka minne kabla. Ilichukua hadi mwaka 1900 ndipo wa mwisho wao wavuke kwenda kwa Wajerumani na kuweka silaha chini.

Waasi walikuwa na sababu zao nyingi: njaa, safari ndefu, viboko. Lakini kati ya sababu zinazotajwa na wanahistoria, risasi za Ngandu hazikosi.

Nani anakumbukwa

Dhanis alipewa cheo cha baroni mwaka 1894. Lippens na De Bruyne walijengewa mnara Blankenberge, mji wa pwani ya Ubelgiji, mwaka 1900. Tippu Tip alikufa kitandani kwake Zanzibar mwaka 1905, tajiri, baada ya kusimulia maisha yake kwa Kiswahili.

Ngongo hakuandika kitu. Habari zake zimetoka kwa watu waliomtumia, waliompiga au waliochelewa kumwokoa. Ndiyo maana ubishi juu yake hauishi.

Kuna jambo moja ambalo pande zote za ubishi zinaweza kukubaliana. Ngongo alitolewa utumwani kwa sababu aliweza kupigana, akapewa nguvu kwa sababu aliweza kuteka wengine, akapokewa na Wabeleji kwa sababu aliweza kufungua njia, na akauawa njia ilipokwisha kufunguka. Kila bwana alimpima kwa kazi, naye aliwapima watu wa vijiji vya Lomami kwa kipimo hichohicho.

Katika bao kete iliyoliwa hurudi kupandwa. Wabeleji wa Ngandu waliitoa yao nje ya ubao, na kwa miaka saba askari wao waliendelea kuilipia, kutoka Luluabourg hadi Kabambare.